Albamu Haikatwi Katikati

Mtu akiingia kwenye duka la vioo la mume wangu kuuliza bei ya kioo cha dirisha, ilibidi asubiri wimbo uishe. Wageni walidhani fundi ni kiziwi. Wenyeji, waliomwita Kelele, walikwenda moja kwa moja kwenye benchi la karibu na mlango, wakakaa na vipimo vyao mkononi, wakangoja magitaa yanyamaze. Yakinyamaza, alitaja bei haraka kabla ya wimbo uliofuata kuanza. Ambaye hakusikia alisubiri tena.

"Kelele, wewe utakufa maskini," fundi rangi alikuwa akimwambia. Huyo ni rafiki yake wa tangu ujana. Walifanya kazi kwenye majengo yaleyale, mmoja akiweka vioo na mwingine akivichafua kwa rangi.

"Na wewe utakufa hujasikia upande wa pili wa kitu chochote," mume wangu alimjibu.

Mambo haya yalimwanzia akiwa fundi mchanga. Alitumwa kubadilisha vioo kwenye nyumba ambayo wapangaji wake walikuwa wanahama, na mama mwenye nyumba akampa boksi la kaseti apeleke jalalani. Hakulipeleka. Alifikiri atarekodi juu yake muziki wa dansi, kwa hiyo akakaa kuzisikiliza ili ajue aanze kufuta zipi. Hakufuta hata moja. Nyingi hazikuwa na majina, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa zimechanika au zimeliwa na unyevu, akazipa majina kwa kile alichokiona kwenye mabaki ya picha za majalada: Ya Ngazi, Ya Mbwa, Ya Mawingu, Wale Wanawake Watatu. Baadaye alinunua nyingine, zikaja na sidi, lakini desturi ya majina ilibaki. Hata zenye majina yao halali aliziita anavyotaka yeye. Zote zilikuwa za namna moja au mbili, panki na ile aliyoiita roki mbadala. Mama yake aliposikia mwanawe anapenda panki aliuliza, kwani hiyo si staili ya kunyoa nywele?

Mimi nilimkuta na boksi lake. Wengine huolewa wakakuta mtoto wa nje, mimi nilikuta kaseti. Jioni, akishaoga na kutoa vumbi la vioo kwenye kucha, alikaa kwenye kiti chake sebuleni nami nikiwa nasahihisha kazi za wanafunzi wangu, akaanza kutoa maoni. Hakuhitaji nimjibu. Alihitaji tu mtu awepo.

"Panki ni kama kukata kioo," alisema. "Unapitisha kisu mara moja, basi. Ukirudia mstari, kioo kitavunjika kinapotaka chenyewe. Hawa wa Mbwa walipitisha mara moja. Wameanza, wamemaliza, chai yangu bado ina moto."

"Na hao wengine?"

"Hawa wa roki mbadala ni watu wanaojua kupiga, ila wanaona aibu kujulikana kwamba wanajua. Mtu anaanza kwa kunong'ona kama mgeni anayeuliza choo kiko wapi. Halafu ghafla anapiga ukelele. Halafu anarudi kunong'ona. Mara ya kwanza unashtuka. Mara ya tano unakaa unamngoja, unasema haya, nishtue basi tulale."

Nilicheka, naye akanitazama kwa mshangao, maana hakuwa anatania.

Ya Mawingu hakuipenda kabisa. Ndiyo iliyopendwa na wengi kuliko zote zilizokuwa kwenye boksi, na fundi rangi aliijua kwa moyo. "Imepigwa msasa mpaka imeisha," mume wangu alisema. "Mbao iko wapi? Limebaki vumbi sakafuni." Fundi rangi alikasirika kama aliyetukaniwa ukoo, wakanuniana, na kwa siku kadhaa wakawa wanapelekeana ujumbe kupitia kwangu kuhusu ngazi ya kukunja waliyokuwa wakiitumia pamoja. Kuhusu albamu za pili alikuwa na huruma kidogo. Alisema ya kwanza mtu anaweka maisha yake yote aliyoishi tangu azaliwe, na ya pili anaweka mwaka mmoja, tena mwaka wa kulala hotelini.

Wakati mwingine aliniomba nimtafsirie maneno, kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda chuo. Nilikaa na sikio kwenye spika, nikasimamisha, nikarudisha.

"Anasema anauchukia mji wao."

"Enhe."

"Anasema tena anauchukia."

"Ndivyo nilivyodhani," alisema, akaridhika.

Sheria yake ilikuwa moja tu: albamu haikatwi katikati. Huanzi katikati, huruki wimbo, hurudii uliokupendeza. Fundi rangi alikuwa mtu wa nyimbo moja moja, anayepeleka kaseti mbele mpaka afike anapopapenda, na jambo hilo lilimuumiza mume wangu kama kuona mtu anakula nyama ya mchuzi peke yake kwenye sufuria ya watu wote. "Wimbo mbaya una kazi yake," alimwambia. "Unakupumzisha. Ukiuruka, unaofuata utakukuta hujawa tayari." Na albamu ikiisha hakusema kamwe kwamba ni nzuri. Alisema "nzuri" ni neno la mtu anayetaka kuondoka. Mteja akikwambia kioo cha bafuni ni kizuri, ujue hajakitazama. Aliyekitazama atasema kimeinama kidogo, au kinamfanya aonekane mnene. Mara moja tu nilimsikia akikaribia kusifu, na ilikuwa juu ya Wale Wanawake Watatu. Kaseti ilipoisha alisema, "Hii sina pa kuirekebisha."

Mimi muziki wenyewe sikuupenda wala sikuuchukia. Niliusikia kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati la nyumba aliyoizoea. Nilichokipenda ni hayo maoni.

Kiharusi kilimpata dukani, asubuhi, kaseti ikiwa imeanza. Wa kwanza kuingia alikuwa mshonaji wa duka la jirani, mwanamke mstaarabu tuliyefahamiana naye tangu zamani, aliyetaka kioo kirefu cha wateja wake kujitazamia. Alimkuta fundi amekaa kwenye stuli yake nyuma ya meza, kichwa ameegemeza kwenye rafu, macho wazi. Muziki ulikuwa unapiga. Mshonaji alifanya kama ambavyo sote tulifundishwa kufanya kwenye duka lile: alikaa kwenye benchi, akangoja wimbo uishe. Ulipoisha, fundi hakutaja bei. Mshonaji akadhani amenogewa. Akangoja unaofuata, na unaofuata. Upande mzima wa kaseti ulikwisha, mashine ikajizima, ndipo akainuka na kusema, "Baba, leo umetukomoa." Na ndipo alipoona mate yanamtiririka.

Mshonaji amenieleza hayo mara nyingi kuliko nilivyotaka kuyasikia. Kila akija kutusalimia anaanza upya, tangu alipovuka kizingiti. Mimi humwambia kwamba asingeweza kujua. Ni kweli, asingeweza. Lakini daktari alisema, bila kujua anamwambia nani, kwamba angefikishwa mapema kidogo hali ingekuwa nyingine, na mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale pale.

"Kwa hiyo alikuwa anakufa," mama alisema, "na watu wamekaa wanasikiliza makelele."



Upande wa kulia ulipooza. Kuelewa, daktari alisema, huenda anaelewa mengi, au machache. Ni vigumu kujua. Maneno yalikuwa yameondoka. Kwa wiki ya kwanza hakutoa sauti yoyote. Kisha asubuhi moja nesi alimpa maji, akayameza, akasema waziwazi kwa sauti yake ileile: "Nzuri."

Wodi nzima ilifurahi. Mama alitoka nje akalia. Mimi nilimshika mkono nikamwuliza, "Unanijua?" Akasema, "Nzuri." Nikamwuliza kama ana maumivu. "Nzuri." Nikamwuliza kama anapumua kwa shida, kama mimi ni mkewe, kama jua linachomoza usiku. Daktari alinieleza kwa upole kwamba hutokea hivyo. Neno moja hubaki limekwama kama mfupa kooni, na mgonjwa huwa halichagui. Nilitaka kumwambia kwamba hili asingelichagua kamwe. Nikaona hayo si mambo ya kumwambia daktari mwenye wagonjwa wanaomngoja.

Fundi rangi ndiye aliyeleta muziki hospitali. Aliuleta kwa mapenzi, na hilo sitaki lisahaulike. Alikuwa ametafuta nyimbo za zile albamu, moja kutoka Ya Ngazi, mbili kutoka Ya Mbwa, moja ya Wale Wanawake, nyingi za Mawingu, akazijaza kwenye simu yake bila mpangilio, akamvalisha rafiki yake vile vya masikioni kwa mikono yake yenye madoa.

"Kelele, kaka. Nimekuletea zote nzuri tupu, hakuna hata moja mbovu."

Wimbo wa kwanza mume wangu aliusikiliza, macho yakamng'aa. Wa pili ulipoanza, sijui ulikuwa upi, uso ulimbadilika. Alitikisa kichwa. Ulipoanza wa tatu alianza kutoa sauti, "Nzuri, nzuri, nzuri," kwa haraka kama mtu anayeita watu waje kuzima moto, na mkono wa kushoto ukapiga kikombe kikaruka hadi kitanda cha jirani. Machozi yalikuwa yanamtoka. Fundi rangi alibaki anapapasa simu, akizidi kubonyeza, na kila alipobonyeza wimbo uliruka ukaja mwingine. Nesi alivitoa vile vya masikioni mwenyewe. Daktari alipopita aliambiwa, naye akasema neno la busara ambalo daktari yeyote angelisema: "Chochote kinachomsumbua, kiondoeni."

Kwenye ngazi za hospitali fundi rangi alikaa chini akafunika uso. "Shemeji, nimemfanya nini?"

"Umemchanganyia," nilimwambia. "Unajua alivyo. Umemkatia katikati."

Alifikiri, akatikisa kichwa. "Au pengine hazitaki tena," alisema. "Mtu akiugua hivi, hata chakula alichokipenda anakikataa."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa jambo lenyewe. Tuliporudi nyumbani mama mkwe wangu alihamia kwetu, maana mimi lazima niende kazini na mgonjwa hawezi kubaki peke yake. Bila yeye ningeshindwa. Anamwogesha, anamgeuza, anamlisha kwa kijiko kidogo akimsubiri ameze, na hajawahi kunirushia neno la masimango. Kwa hiyo aliposema muziki hautapigwa kwenye nyumba hii, sikuwa na mahali pa kusimama. Boksi, ambalo kaka yake mume wangu alilileta kutoka dukani pamoja na redio, liliwekwa kwenye kona ya sebule chini ya kitambaa. Mchana mama alimfungulia muziki wa vinanda, wa taratibu, usio na mtu anayeimba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliusifu. Nilimtazama mume wangu usoni, mtu aliyewahi kuzima redio ya teksi ya watu kwa sababu ya kinanda kama hicho, nikamwona ametulia. Ametulia kama kiti kinavyotulia.

Jioni moja nilirudi nikamkuta mama amekunja uso.

"Mwanangu, lile boksi liondoke."

"Limefanya nini, mama?"

"Analitazama. Nikimkalisha pale analitazama mchana kutwa, halafu analia. Analiogopa. Mtu hawezi kupona amekaa na kilichomwangusha."

"Mama, pengine analitaka."

"Angekuwa analitaka angelitaka pale hospitali." Alisema bila ukali. Alikuwa anakunja nguo za mwanawe, akilinganisha mikono ya shati. "Kaka yake atakuja Jumamosi na gari, alichukue akaliweke kwake."

Hapo ndipo nilipoomba. Sijawahi kumwomba mama mkwe kitu namna ile. Nilimweleza habari za albamu, kwamba kwake ni kitu kizima, ina mwanzo na mwisho, na fundi rangi alimkatakata, ni kama kumsomea mtu kurasa za vitabu saba kwa zamu. Nilipokuwa naeleza nilijisikia mwenyewe jinsi ninavyosikika: mwanamke mzima, mwalimu, anamtetea mgonjwa wa kiharusi haki ya kusikiliza wazungu wakipiga mayowe kwa utaratibu maalumu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani alinihurumia.

"Mara moja," alisema. "Na mimi nikiwepo."

Kuchagua kulikaribia kunishinda. Nilipiga magoti mbele ya boksi nikazigeuza zile kaseti, nikagundua kwamba kwa miaka yote ile nilikariri maoni na si muziki. Ya Ngazi hakuisema vibaya, lakini alisema kwamba ni ya kusikilizwa ukiwa na nguvu. Ya Mbwa ni fupi, lakini kali. Nikachukua Wale Wanawake Watatu, kwa kuwa hakuwa na pa kuirekebisha, nikaomba Mungu iwe bado hivyo.

Ilikuwa Ijumaa, mwanga wa alasiri ukiingia kwenye madirisha ambayo aliyaweka mwenyewe. Nilimkalisha, nikamwekea mto upande uliolala, nikamwonyesha kaseti. Aliitazama. Mama alikaa kwenye kiti cha pili na nguo zake za kukunja mapajani. Nikabonyeza.

Wale wanawake walianza kama wanavyoanza siku zote, kabla ya mpiga gitaa kuwa tayari. Mama alikunja mdomo tu. Mume wangu hakutikisika. Alitazama mlangoni, kama alivyokuwa akitazama mlango wa duka, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa juu ya blanketi. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaja. Wa nne ni ule mbaya, ambao mmoja wao anaongea tu badala ya kuimba, na mkono wangu uliwashwa kuuruka ili mama asiusikie. Sikuuruka. Alipumua polepole. Nilianza kuamini. Nilimtazama mama, naye nikaona anamtazama mwanawe kwa namna nyingine, kama anayesikia hatua za mtu anayerudi nyumbani.

Kisha upande wa kwanza ukaisha, mashine ikajizima.

Mkono wake ukaanza kupiga kiti. "Nzuri. Nzuri, nzuri, nzuri." Shingo ilimvimba, uso ukajaa damu. Niliruka kugeuza kaseti, na kwa haraka niliiweka vilevile ilivyokuwa, nikaitoa, nikaigeuza, mlango wa mashine ukakataa kufunga, na nyuma yangu yeye alikuwa bado anapiga. Hatimaye ikakubali. Muziki ulipoanza, mkono ulitua. Pumzi ikarudi taratibu.

Nilimgeukia mama. Nadhani nilikuwa natabasamu.

"Umeona, mama? Anataka upande wa pili."

Mama alikuwa amesimama, nguo zimemdondoka miguuni. "Nimeona," alisema. "Kiliponyamaza ndipo alipopata nafasi ya kulalamika. Kilipoanza tena, amekata tamaa."

Nilimtazama mume wangu usoni nipate cha kumjibu mama. Alikuwa ametulia. Nilitafuta machoni, kwenye midomo, kwenye kile kimkunjo cha kati ya nyusi ambacho zamani kilinieleza kila kitu kabla hajafungua kinywa. Nilimtafuta mume wangu kama mtu anavyotafuta ufunguo kwenye mkoba wake mwenyewe. Alikuwa ametulia, na kutulia kwake kungeweza kuwa kwa mtu aliyerudishiwa chake, na kungeweza kuwa kwa mtu aliyefungwa akaacha kujitingisha. Sikuweza kuapa.

Upande wa pili uliendelea mpaka mwisho. Katikati yake alianza kulia, bila sauti, machozi yakimshuka hadi kidevuni upande usio na hisia, ambao hayawezi kumsumbua. Hakuna aliyezima. Ilipoisha hakupiga kiti.

Nilipiga magoti mbele yake. "Baba, niambie. Nikupigie tena kesho? Kama ni ndiyo, inua mkono."

Aliinua mkono.

"Ah," nikasema. Nilikuwa namwangalia mama.

Mama alipiga magoti pembeni yangu, kwa shida, akishika ukingo wa kiti. Magoti yake ni mabovu. "Mwanangu," alimwambia mwanawe. "Haya makelele yanakuumiza? Tuyaondoe? Kama ni ndiyo, inua mkono."

Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kama alivyokuwa akiwatazama wateja wawili waliofika pamoja. Akainua mkono.

"Nzuri," alisema.

Tulibaki pale chini, mimi na mama yake. Nilidhani atasema "umeona", maana alikuwa na haki sawa na yangu. Hakusema. Alivuta ncha ya kanga yake akampangusa mwanawe kidevu, kisha akajipangusa yeye.

"Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alisema. "Mimi nimemzaa, na sijui anataka nini. Wewe umelala naye miaka yote hiyo, hujui. Sasa atamwambia nani?"

"Sijui, mama."

"Kama hatujui, tubaki na linaloweza kumuua au lisiloweza?"

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kusema kwamba kuna namna nyingi za kuuawa, na kwamba vinanda vyake vya mchana kutwa huenda ni mojawapo. Lakini ningelisema kwa niaba ya nani? Ningesema nampigania yeye, na ingewezekana kabisa nilikuwa napigania jioni zangu, sauti ya mtu anayenieleza mambo nisiyoyahitaji. Nilimsaidia mama kuinuka. Tuliokota nguo tukazikunja pamoja.

Jumamosi kaka yake alikuja. Ni mtu mzito, mwenye maneno machache, msimamizi wa ghala tangu ujana wake, na hushika kila kitu kana kwamba kina maandishi ya "tahadhari". Alimsalimia mdogo wake kwa kumpiga bega upande ulio hai, akapokea chai, akanywa amesimama.

"Shemeji, si kwamba tunazitupa," aliniambia. "Zitakaa kwangu, chumba kikavu. Akirudiwa na maneno yake ataziomba, nitazileta siku hiyohiyo."

"Na yasiporudi?"

Alitazama chini ya kikombe. "Basi na mimi nitakuwa sijui," alisema.

Redio aliichukua kwanza. Kisha akaondoa kitambaa juu ya boksi, akalipima kwa macho, akajaribu kuliinua. Karatasi ya chini ilikuwa imeoza, ikaanza kuachia, kaseti mbili zikaanguka. "Litamwagika hili," alisema. "Nishikie huku."

Sebule yetu ina mlango mmoja. Mama alikuwa amemgeuza mgonjwa kuelekea dirishani ili asione, akasimama kati yake na sisi, akimwekea sawa mto ambao haukuwa na kasoro. Nilirudisha zile kaseti mbili, nikapitisha mikono yangu yote chini ya boksi, nikasikia uzito. Tukaanza kwenda, kaka yake akirudi kinyumenyume, mimi nikimfuata, hatua ndogondogo, kaseti zikigongana ndani.

Aligeuza shingo. Alitutazama juu ya bega la mama yake, mimi, kisha boksi, kisha mimi. Mkono wake wa kushoto uliinuka kutoka kwenye kiti ukabaki hewani, vidole vimetanuka.

Kaka yake akadhani anaagwa. Aliegemeza boksi kifuani, akatoa mkono mmoja akampungia. Uzito ukanijia wote mimi, nami nilikuwa nimelishika kwa mikono yote miwili.